Aliyebaki Liboi

"Ondoa hili dude lako, watu wapite!"

Guleid alikuwa amelala chali chini ya lori lake, mlangoni mwa soko la maziwa la Garissa. Hakumwona mwenye sauti hiyo; aliona tu miguu miwili yenye vumbi na pindo la guntiino, vazi la kufungwa begani, la rangi ya manjano. Ilikuwa asubuhi ya siku ya mnada, mwaka wa 1952. Ngamia walilia, wachuuzi waliitana, na mvuke ulipanda kutoka kwenye rejeta ya lori lililojazwa ngozi za mbuzi.

"Likitaka kuondoka litaondoka, abaayo, dada yangu," alijibu akijivuta nje.

Mvuke ulipopungua akatoa mfuko wa unga wa mahindi, akamimina viganja viwili kwenye rejeta na kuongeza maji.

Mwanamke akasahau hasira. "Unalipikia uji?"

"Lina njaa. Unga ukipata moto unaziba tundu. Jina lako nani?"

"Osob."

"Jina lenye maana ya majani mabichi ya mvua! Nawe umenijia wakati wa kiangazi."

"Maneno yako yanatembea vizuri kuliko gari lako," alisema, akanyanyua vibuyu vyake vya maziwa. Lakini alikwenda akitabasamu.

Jioni Guleid alimuuliza mama yake, Habibo, habari za mwanamke huyo. Mama alimjua. Mume wa Osob alikwenda mji wa Diff na mifugo, hakurudi. Hakuna aliyejua kama alikufa au alioa kwingine. Miaka ikapita, mpaka kadhi akaivunja ndoa ile. Tangu hapo Osob aliishi kwa mjomba wake, Jelle, akiuza maziwa.

Habibo akaanza kununua maziwa kwa Osob, naye akawa anayaleta mwenyewe hadi uani kwao, mtaa wa Galbet. Huko Guleid alikuwa akilitengeneza lori kila liliporudi safarini. Hakuwa na karakana. Spana zake nyingine alizichonga kwa tupa kutoka vyuma vikuukuu, nyundo ilikuwa kipande cha ekseli, na jeki ilikuwa gogo refu lililoegemezwa juu ya jiwe. Alipohitaji kuingia chini, alichimba shimo katikati ya ua.

Osob aliketi kwenye kivuli cha ua wa miiba, Habibo akisuka mkeka karibu yao, na mazungumzo yakaenda kati ya kivuli na shimo.

"Nipe ile fupi."

"Hii iliyopinda?"

"Hiyo. Unajifunza haraka."

"Naona mke mwenzangu huyu wa chuma anataka kuhudumiwa sana."

Habibo akakohoa. Guleid akachomoza kichwa chenye oili kutoka shimoni. "Mke mwenzako? Basi nikitoka Liboi nakuja kwa mjomba wako na wazee."

Osob akainamisha uso. "Usiseme jambo ambalo hutalifanya."

"Wallahi nakuja."

Guleid akaondoka na mzigo wa sukari na vitambaa. Wiki aliyotarajiwa ikapita, na nyingine ikafuata. Kila vumbi lilipoinuka njiani Osob alisimama, halafu akaketi tena. Ndipo dereva mmoja aliyepita Liboi akashuka sokoni.

"Wewe ndiye Osob? Guleid kanituma. Amebaki Liboi."

"Amebaki?"

"Ndiyo, amebaki," alisema dereva, akakimbilia gari lake.

Osob alirudi nyumbani bila kuuza maziwa yaliyosalia. Neno lile alilijua. Hata yule wa Diff, watu walisema amebaki. Mwezi ulipokwisha, Jelle alimletea habari ya mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Wajir, mtu mzima, mwenye ngamia wa mahari tayari. Osob alisema, "Kama utakavyo, abti, mjomba wangu."

Siku moja kabla ya ngamia hao kufika, lori la Guleid liliingia Galbet, likienda polepole kama mgonjwa, injini ikigonga. Habibo alimpasha mwanawe habari zote, kisha akatuma mtu amwite Osob.

Osob alimkuta Guleid akimwaga oili kwenye nusu debe. Alikuwa amekonda.

"Nilituma ujumbe," Guleid alisema.

"Niliupata. Umebaki Liboi."

"Nilisema nimekwama! Beringi ya injini iliyeyuka. Nilimwambia aseme nimekwama, nakuja."

"Ungeweza kupanda gari la yule dereva uje mwenyewe."

"Ningeweza."

"Mbona hukupanda?"

"Wezi wangelinyofoa lori mpaka magurudumu. Ningekuja kwa mjomba wako na nini?" Akajifuta mikono kwa kitambaa, taratibu. "Hapana, si hilo tu. Lori niliogopa litapotea. Wewe nilidhani utakuwepo."

Maneno hayo yalimchoma Osob, lakini yalikuwa ya kweli, na hakuna mwanamume aliyewahi kumwambia ukweli wa namna hiyo. Guleid akafungua chuma chini ya injini, akatoa kipande cheusi cha ngozi, chembamba kama jani.

"Ni nini hicho?"

"Ngozi ya shingo ya ngamia. Wafugaji walinipa. Niliiloweka kwenye oili nikaizungusha mahali pa beringi. Ikiisha nakata nyingine. Hivyo hivyo mpaka hapa."

Osob alikishika, akakigeuza. "Na ukikwama tena?"

"Nikisema sitakwama nitakuwa nakudanganya."

"Basi sitakungoja tena."

Guleid aliinamisha kichwa. "Una haki."

"Hujanielewa. Nitapanda. Likikwama, tukwame wote. Sitakaa mlangoni kutazama vumbi, si kwa ajili yako, si kwa ajili ya mtu wa Wajir."

"Watu watasema."

"Walishasema nimeachwa, na nikaishi. Nawa mikono, uende kwa abti."

Guleid alinawa kwa majivu na mchanga, akavaa kanzu yake ya Idi, akaenda na mama yake. Jelle aliwasikiliza hadi mwisho.

"Mwenzako wa Wajir analeta ngamia," alisema. "Wewe unaniletea gari bovu."

Sauti ya Osob ikatoka nyuma ya pazia. "Abti, mara ya kwanza mlinichagulia, nikangoja. Safari hii niache nichague, hata nikikosea."

Jelle alizungusha tasbihi yake. Yeye ndiye aliyempeleka kwa mume wa kwanza, na hakuna aliyewahi kumlaumu kwa sauti. Mwishowe akamtazama Guleid. "Waite wazee wako. Wale ngamia wakifika nitawarudisha mimi mwenyewe, na aibu yake ni yangu."

Walioana baada ya mvua, wakaondoka Garissa pamoja, beringi mpya ndani ya injini. Osob alikaa mbele, shash, kitambaa cheusi cha mke, kichwani, akiangalia barabara. Kabla ya adhuhuri magurudumu yalizama mchangani. Guleid alizima injini, akageuka kumtazama kwa wasiwasi, na kiti kilikuwa kitupu. Osob alikuwa ameshashuka, panga mkononi, akikata matawi ya kutandika chini ya magurudumu.