Kikombe cha Sita

"Mlango wa kumfungia Massoudi haujachongwa!"

Ndivyo jasusi Massoudi alivyojigamba kwenye redio yake ya Motorola, saa tisa alasiri, akiingia depo moja nyuma ya Bandari ya Bujumbura.

Kraa!

Mlango wa chuma ukajifunga nyuma yake. Kwa ndani hauna kitasa.

"Massoudi, vipi?" akauliza Pascaline wa makao makuu.

"Ee... nachunguza mlango. Leteni watu."

"Barabara imefungwa, risasi zinalia. Ngoja saa kumi na mbili."

Bastola? Aliiacha kwenye Peugeot. Ilimharibia mkunjo wa suti.

Pembeni aliketi Mama Asiya, muuza vyombo wa mtaa wa Asiatique. Siku ya tatu hiyo Van Hecke, mfanya magendo, amemfungia humo ampakilie seti ya chai ya Kijapani.

"Karibu, kijana. Na we wamekukamata?"

"Mimi ni mpelelezi, mama."

"Nimeuliza kama wamekukamata."

Ndani ya seti ile ilifichwa filamu aliyoifuata Massoudi, yenye picha za nyumba wanamolala wajumbe wa amani. Saa kumi na moja Van Hecke angekuja kuivusha ziwa, awauzie wauaji. Ikivuka, wajumbe hawaioni asubuhi.

Massoudi akachomeka kisu cha Opinel mlangoni. Kikakatika.

Akajaribu bega. Bega likajuta.

Bati la paa likawaka joto. Hewa ikapungua. Kola ikamkaba.

Mama Asiya alikuwa akihesabu vikombe.

"Mi nauza porseleni miaka makumi mbili. Seti ya Japani ni vikombe tano. Hapa iko sita."

Akakibamiza sakafuni cha sita, kizito kuliko vingine. Filamu ikabingirika kutoka kitakoni.

"Tunatokaje?" Massoudi akauliza.

"Mirindi, mlinzi, saa kumi anakunywaka chai yangu. Apana kukosa."

Akachemsha maji kwenye jiko la mafuta, akatia bakulini ule unga wa kijani wa chai ya Kijapani uliokuja na seti, akaupiga kwa kifagio cha mianzi mpaka ukatoa povu.

"Sukari je?" Massoudi akanong'ona.

"Funga kinywa. Mirindi! Chai!"

Massoudi akajibanza nyuma ya Mama Asiya. Kwa usalama wa mama, bila shaka.

Mlango ukafunguka. Mirindi, mtu wa vijiko vinne vya sukari, akagugumia nusu bakuli.

Chungu kama kwinini!

Akachungulia. Kijani!

"Sumu! Mama, umeniua!"

Kalashnikov ikaanguka, mikono yote ikashika koo. Massoudi akaiokota. Wakamfungia ndani, akililia padri.

Van Hecke atakuta vikombe vitano na mtu anayengoja kufa.

Massoudi akavaa Ray-Ban, akatembea polepole kuelekea Peugeot, redio mdomoni.

"Filamu ninayo. Mlango nimeuvunja kwa mkono mmoja."

"Na ile ingine," sauti ya Mama Asiya ikaingia redioni kutoka begani kwake, "ilikuwa inashika kitenge yangu."