Ongea, Misumari

Jirani anayefua mashuka ya hospitali anaapa kwa macho yake mawili: mwanamke alisimama kichwani pa kitanda cha mumewe, shingo ya mume imefunguliwa na madaktari, mume anaomba arudiwe, na mwanamke kimya kama ukuta.

"Hata kikohozi hakutoa!" anawaambia watu bombani. "Ile si roho, ni jiwe!"

Hasemi uongo. Ila alichungulia dakika moja tu, akaondoka na mashuka yake.

Mume ni fundi viatu. Mtaa mzima unamwita Misumari, maana kutwa hubana misumari kwa midomo akipigilia soli. Jioni huitema, lakini maneno hayatoki. Mke alivumilia miaka sita, akarudi kwa mama yake.

"Hajanipiga, mama. Hajaninyima. Ila haongei! Nimeolewa na kabati."

Miezi minane ikapita. Siku moja simu ikaingiza ujumbe:

"Kesho asubuhi napasuliwa mshipa wa shingo. Umeziba. Nimekutaarifu tu."

"Eti nimekutaarifu tu!" alimsomea mama yake, huku miguu tayari inatafuta viatu.

Asubuhi yuko kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, daktari wa usingizi, mama wa makamo mwenye miwani, akatoka mbiombio.

"Mke wa fundi viatu ni wewe?"

"Ni mimi. Amekufa?"

"Yuko macho. Hatukumlaza, nimempiga ganzi ya shingo tu, upande mmoja. Sindano nimeifuata kwenye skrini ya ultrasaundi hadi ilipotakiwa."

"Sasa kwa nini awe macho?"

"Mshipa ukibanwa, damu ya kichwani inapungua. Maneno yakianza kumpotea, najua ubongo unakosa damu, tunawahi. Lakini huyu mumeo kila nikimuuliza anasema 'mm'. Nitajuaje?"

Mke nusura acheke. "Karibu kwenye ndoa yangu, daktari."

"Ingia umchokonoe. Vua kila kitu cha chuma."

Akavua hereni. Kisha akavua kamba shingoni, yenye ufunguo wa nyumba aliyoihama. Daktari aliutazama, akautia kwenye kibakuli, hakuuliza.

Ndani, kitambaa cha kijani kilimficha mpasuaji. Misumari alikuwa amegeuzia uso upande wa mke, mkono wa kulia umeshika bata wa mpira.

"Umekuja."

"Nimekuja. Nasikia umepimwa kwa mashine ya wajawazito. Wa kike au wa kiume?"

Bata akalia kwii.

"Usimchekeshe, mama, shingo hiyo!" daktari wa usingizi akafoka. "Mwongeleshe."

"Nabana sasa," mpasuaji akasema.

"Kwa nini ulikuwa hunisemeshi?"

"Mm."

"Minya bata, nijue mkono bado una nguvu," daktari akaamuru. Kwii. "Haya, mjibu mkeo."

"Nilikuwa napanga," Misumari akaanza, taratibu. "Kutwa nzima kibandani napanga nitakachokwambia. Nikifika mlangoni naona yote ni habari za viatu. Naona nitakuchosha."

"Nani alikwambia nitachoka?"

"Vile vyako vya bluu ulivyoviacha, kisigino nimekibadilisha mara tatu."

"Mbona kilikuwa kizima!"

"Najua."

Machozi yakamwingia mke ndani ya barakoa.

"Rudi nyumbani," Misumari akasema. "Utarudi?"

Mke akafungua mdomo. Daktari wa usingizi akamkamata mkono, akamnong'oneza sikioni:

"Usimjibu! Ukimjibu huyu atanyamaza, na kibanio kina dakika ishirini zaidi."

Mke akalimeza jibu lake. Hapo ndipo jirani alipochungulia.

"Nimekuuliza, mke wangu. Utarudi? Nitakusimulia hata habari za gundi."

"Maneno yamenyooka," daktari akasema, macho kwenye mashine. "Minya." Kwii.

Mke akabana midomo, kama aliyeshika misumari.

"Au nianze upya? Siku ya kwanza ulileta kiatu kimoja tu, ukasema mwenzake mzima. Nilitaka kukwambia kitu siku ile. Utarudi, mke wangu? Niambie basi."