Sahani Iliyofunikwa

Asubuhi ya mtaa wa Soweto West, Nairobi, huanza na foleni ya maji. Wekulo alisimama hapo kila siku na mtungi wake, mgongo umenyooka, hasalimii mtu mpaka asalimiwe. Alikuwa amestaafu jeshi. Majirani walimwita Afande.

"Afande, ulipigana wapi?" Boaz, fundi wa viatu, alipenda kumchokoza.

"Mambo ya jeshi hayasemwi kwenye foleni."

Boaz hakumwamini. Wekulo naye hakumwamini mtu. Ukimuuliza saa, alikukagua kwanza, akijiuliza unaitakia nini.

Mkewe, Nanyama, ndiye pekee aliyejua siri yake. Miaka yote ya jeshi, Wekulo alikuwa mpishi. Bunduki alifunzwa, ndiyo, lakini kazi yake ilikuwa sufuria. Aliona haya kusema. Kwa hiyo kila alipoomba kazi shuleni, aliomba ulinzi wa geti, na kwenye barua aliandika "mwanajeshi mstaafu", basi. Kila shule ilimjibu kwamba mlinzi yupo.

"Waambie ulikuwa unapika," Nanyama alisema.

"Boaz asikie? Nitapitia wapi?"

Lakini akiba ilikuwa inaisha, na binti yao Valary alikuwa karibu kuingia shule ya upili.

Basi jirani mmoja akafiwa. Watu wakajaa kwenye matanga kuliko ilivyotarajiwa. Wali ukaungua chini, juu bado mbichi. Wapishi wakaanza kulaumiana. Wekulo alivumilia, akavumilia, mwishowe akavua koti.

"Punguza huo moto! Na wewe, nawa mikono kabla hujashika nyama!"

Watu wakala, wakashiba. Ila Caren alikuwa ameona kitu. Caren alikuwa mtunza stoo katika shule ya msingi ya umma kule Kawangware, na macho yake yalizoea wezi. Alimwona Wekulo akipakua kidogo cha kila chakula kwenye sahani, akaifunika, akaipeleka nyumbani kwake na kufunga mlango kwa kufuli.

"Baba Valary, hiyo nyama ya matanga unaificha ya nini?"

Watu wakageuka kumtazama. "Haiya! Afande ameshikwa!" Boaz akasema.

Wekulo angeweza kuondoka tu. Lakini kuitwa mwizi mbele ya wafiwa kulimuuma kuliko kuitwa mpishi. Akafungua kufuli, akaleta sahani ikiwa ndani ya karai la maji baridi. Haikuwa imeguswa.

"Hii si ya kula. Ukipikia watu wengi, unaweka kidogo cha kila sufuria. Mtu akiumwa tumbo kesho, daktari anapima hiki, anajua kama ni chakula ama ni kitu kingine. Kambini tunaweka kwa friji. Hapa nina karai."

"Kambini?" Caren akauliza.

"Nilikuwa mpishi wa jeshi." Akamgeukia Boaz. "Cheka sasa."

Mdomo wa Boaz ulikuwa umejaa. "Nicheke na nini? Ngoja nimeze."

Kesho yake Caren akabisha mlango. "Shuleni kwetu wanatafuta msimamizi wa jikoni. Tangazo liko kwa geti."

Wekulo akakunja uso. "Na wewe unataka nini?"

"Sitaki kitu."

"Nairobi hii?"

"Nairobi hii. Mtu akikwambia utoe kitu kidogo ndio uingie, huyo mkimbie. Sisi wa jikoni, stoo, ofisi na geti tunaajiriwa na bodi ya shule. Soma tangazo mwenyewe. Wape nakala za vyeti, zile zenyewe ukae nazo, uzionyeshe siku ya mahojiano."

"Na niandike nini?"

"Kazi uliyofanya! Ukiandika mwanajeshi peke yake, wao wanaona bunduki. Watajuaje ulisimamia jiko, stoo na vijana? Weka cheti cha upishi cha jeshi. Halafu upimwe, upate cheti cha afya cha wanaoshika chakula."

Nanyama akasogea. "Na mimi? Nilisomea ualimu. Kila nikipata shule, huyu anahamishwa kambi."

"Mama Valary, uko na namba ya TSC, ile tume ya walimu?"

"Sina."

"Anzia hapo. Bila kusajiliwa, hufunzi. Unajisajili kwa tovuti ya tume yenyewe, si kwa broka. Na zile shule ulizopitia, ziandikie, uombe barua za kazi. Kuhamahama si kosa."

Wekulo bado hakuamini. Alienda Kawangware, akasoma tangazo. Akamuuliza mlinzi kama kweli Caren anafanya kazi pale. Akamuuliza na muuza ndizi nje ya geti. Ndipo akapeleka barua.

Siku ya mahojiano, mwenyekiti wa bodi, Bi Waceke, alimuuliza, "Jeshini ulifanya kazi gani?"

Wekulo hakuficha tena. "Mpishi, mama."

"Na watoto mia kadhaa wakiumwa tumbo siku moja?"

Akamweleza habari ya sahani. Bi Waceke akaweka kalamu chini, akasikiliza mpaka mwisho. Kazi akapata.

Siku ya kwanza jikoni, Nzilani, mmoja wa wapishi, alimkodolea macho akifunika sahani. "Mkubwa, hiyo ni ya nani?"

"Swali zuri," Wekulo akasema. "Uliza kila siku, hata mimi usiniamini." Kisha akamweleza.

Jioni alimkuta Nanyama ameshajisajili, anangoja namba yake. Akachukua mtungi, akaenda kwenye foleni.

"Afande," Boaz akaita, "leo ulipigana wapi?"

"Kawangware. Na maharagwe."

"Nani alishinda?"

"Watoto. Walimaliza yote."