Fungu la Waliozama

Harufu ya udongo wa kaburi iliingia ndani ya boti mchana kweupe, Rixt akiwa anamimina chai. Boti ya tanga ilikuwa imelala ubavu juu ya mchanga, kama ilivyo desturi ya watu wa pwani ya Frisia: maji yakipwa unaikalisha mahali tambarare, unakula, unasubiri yajae. Lakini fungu lile la mchanga wenyeji hulikwepa. Chini yake kuna kijiji kilichomezwa na bahari, na majini yamekaa katika makaburi yake.

Douwe, mumewe, alilijua hilo. Lakini aliiamini boti. Ilikuwa ya fiberglasi, plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, ya zamani, ya enzi ambazo mafundi hawakujua unene unaotosha, wakaogopa, wakaifanya nene kama kidole gumba. Ilikuwa imepanda miamba ikashuka bila ufa.

Kitu kikagonga kutoka chini. Vikombe vikaruka.

"Twende zetu kwa miguu, Douwe," Rixt alinong'ona.

"Tuache chai? Hii haipasuki, mama. Labda wapasuke wao."

Alishuka akainama kuchungulia chini ya ubavu. Boti ikainuka bila maji, ikamwangukia. Rixt alisikia mifupa kabla ya ukelele. Douwe alikuwa amefunikwa katika uwazi mwembamba kati ya boti na mchanga, mapaja yamesagika, akimwita. Kisha maji yakaanza kurudi, na boti haikuelea.

Rixt akapanda ndani, akachukua shoka, akapiga sakafu pale aliposikia kucha zikikwaruza upande wa pili, ili amtobolee mumewe njia, na shoka likadunda, akapiga tena, likadunda, likamrudia likampasua paji, akaendelea kupiga damu ikimwingia machoni, na fiberglasi ile aliyoisifu Douwe ikatoa vumbi na nyuzi tu, huku sauti chini yake ikianza kumeza maji, hadi tundu likafunguka, pana kama sahani, na mkono ukapenya.

Aliushika. Ulikuwa wa baridi, nao ukambana hadi vidole vyake vikavunjika, lakini hakuachia. Alikanyaga ukuta akavuta kwa mwili mzima. Kikatoka kiwiko. Kikatoka kiwiko cha pili, cha mkono uleule.

Ndipo sauti ya Douwe ikaja kutoka chini ya sakafu, mbali, kule nyuma kabisa ya boti.

"Rixt," alisema taratibu, "unamvuta nani?"