Kidonge Alichokikataa Baba

Baba yangu, Durvalino, alikuwa mtu wa maneno. Alikata mikungu ya ndizi huku akisimulia, akala maharage huku akisimulia, akalala katikati ya hadithi. Bonde letu la Ribeira, nchini Brazili, lilijaa ndizi kila upande, na sauti yake ilisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Nikiikumbuka leo, machozi yananilenga.

Mwaka mmoja kichwa kilianza kumuuma. Daktari wa zahanati alimpima, akakuta shinikizo la damu liko juu mno. Tuliogopa sana. Baba mkubwa Onofre alikuwa na ugonjwa huo huo, hakutibiwa, na kiharusi kikamwondolea usemi. Mama hakutaka kuliona hilo tena.

Daktari alimpa baba vidonge. Kisha akamwambia kwa furaha, "Dawa hii asili yake ni jararaka."

Jararaka ni nyoka wetu mwenye sumu kali. Baba alivitia vidonge mfukoni, akarudi navyo nyumbani bila kumeza hata kimoja.

Wakata ndizi wengi wa kwetu waliombewa dua ya kukingwa na nyoka. Baba aliombewa angali kijana, kwa sharti kwamba asitie kinywani kitu chochote cha nyoka. Akilivunja, kinga imekwisha.

"Zulmira, unataka niumwe na nyoka shambani?" alimuuliza mama.

"Nataka usiwe bubu! Ukinyamaza wewe, nitagombana na nani?"

Mama akamwita Clotilde, jirani yetu. Alikuwa amefanya kazi kwenye maabara ya dawa mjini São Paulo, akarudi kumuuguza mama yake. Alikunywa kahawa yetu taratibu. Hakulicheka lile sharti.

"Kaka Durvalino, mtu akiumwa na jararaka anakuwaje?"

"Anaishiwa nguvu. Anaanguka."

"Presha yake inashuka ghafla. Wataalamu wa hapa hapa Brazili walijiuliza kwa nini. Mwilini mwetu mna kimeng'enya kinachotengeneza kitu cha kubana mishipa. Mishipa ikibanwa, presha inapanda. Ndani ya sumu mna kitu kinachokizuia kimeng'enya hicho."

"Si ndiyo hiyo sumu mnayotaka kunilisha!"

"Ngoja basi, wewe! Kile cha nyoka ukikimeza, tumbo linakisaga. Hakifai. Kwa hiyo wanakemia walichunguza kimeng'enya kinafanyia kazi yake sehemu gani. Kisha wakabuni kitu chao kidogo, kinachoingia na kukaa sawasawa pale pale. Ukichomeka kigogo kwenye mashine ya kukamua miwa, inakuwaje?"

"Inakwama."

"Basi na kimeng'enya kinakwama. Mishipa inalegea, presha inashuka."

"Na nyoka yuko wapi?"

"Yuko porini kwake. Yeye aliwaonyesha njia tu. Kidonge kimetengenezwa kiwandani. Hakina hata tone la nyoka."

Baba alinyamaza. Sote tulimtazama, maana halikuwa jambo la kawaida.

"Apa kwa jina la mama yako."

"Naapa. Lakini umeze kila siku kama daktari alivyokuandikia, hata kichwa kikipoa. Ukipata kikohozi kikavu, kamwambie. Usiache dawa kwa akili yako. Na ile nyama ya chumvi uipunguze."

"Nyama tena! Huyu katumwa na Zulmira!"

Alikimeza kidonge huku amefumba macho. Kesho yake alimeza tena. Alipopimwa mwezi uliofuata, presha ilikuwa imeshuka. Mama alilia pale pale zahanati, mbele za watu. Baba naye alizunguka kijiji kizima akilalamika kwamba mkewe anampikia maharage yasiyo na chumvi.

Alizeeka akisimulia. Wajukuu walimzunguka kila jioni, nami nilimwambia mara nyingi, "Baba, pumzika kidogo, masikio yamechoka." Sasa hayupo, na nyumba ni kimya. Laiti angekuwepo jioni moja tu nimwambie: endelea, baba, nakusikiliza.