Mbawakawa wa Bi Sauda

Kisomanasaba kilinyofoa mguu mmoja wa mbawakawa aliyekauka, kikausaga, na kabla mtu hajamaliza kupiga chafya kilikuwa kimekwisha kusoma vinasaba vyake vyote. Ukutani ukawaka Mti wa Ukoo wa mbawakawa wote duniani, kila tawi likionyesha nani ni ndugu wa nani, na waliachana lini.

Dakta Tunu Shemhilu, mhandisi wa mashine ile katika Jiji Jipya la Tanga, alikuwa amewaalika wazazi wake asubuhi hiyo. Mbawakawa huyo aliokotwa na baba yake, Profesa Shemhilu, miaka arobaini na miwili iliyopita. Akamtangaza kuwa spishi mpya, akampa jina la Sauda, binti aliyekuwa akimposa. Leo Bi Sauda alikuja amejipamba kama anakwenda harusini. Kikundi chake kizima cha akina mama kilijua kwamba ana mdudu mwenye jina lake.

Mashine ikasema kwa sauti ya upole: "Si spishi mpya. Ni mbawakawa wa kawaida wa milimani, ana jina tangu zamani. Jina la Sauda lifutwe?"

Tunu akarudia kipimo kwa mguu wa pili. Jibu likawa lile lile. Angeweza kuandika kwamba sampuli imeharibika, na nani angejua? Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Acha, mwanangu," profesa alisema. "Mashine haijakosea. Nilijua tangu siku ile."

Bi Sauda aligeuka. "Ulijua, Baba Tunu?"

"Aliwazidi wenzake madoa mawili tu mgongoni. Mama Tunu, ulikuwa umeshanikataa mara mbili. Sikuwa na kitu kingine cha kukupa."

"Nami nikakukubali kwa ajili ya mdudu huyo! Nikamwambia mama, huyu ndiye."

Tunu akajifanya anafuta kioo cha mashine. Aliwapenda wote wawili, na hakujua ashike upande gani.

Bi Sauda alimwinamia mbawakawa. "Lifute, mwanangu. Mrudishe kwa ndugu zake, masikini." Kisha akamshika mumewe mkono. "Na wewe umenioa kwa udanganyifu. Tukifika nyumbani unitongoze upya, na safari hii uje mikono mitupu."

Profesa, aliyewahi kuhutubia wataalamu wa mabara manne, alifungua mdomo, asipate hata neno la kuanzia.