Valvu ya Siwema

Jua la saa nane mchana lilichoma mabati ya Gerezani. Katikati ya wapagazi na mikokoteni, kijana mmoja alisimama mbele ya duka la mabomba amevaa sweta la sufu.

"Kaka, umekuja kununua au kuuza hilo sweta?" akauliza Siwema, muuzaji wa duka, dera la njano, kalamu imechomekwa kwenye kilemba.

Kijana akacheka huku anajifuta jasho. "Naitwa Heriel. Nimeshuka na basi kutoka Siha, baridi ya Julai huko mlimani haina mchezo. Nataka mabomba ya maji ya moto na vifaa vya boila la kuchemshia, kwa ajili ya kitalu nyumba cha waridi."

"Kumbe waridi zenu zinaoga maji ya moto?"

"Waridi zina joto lao, mrembo. Haya ni ya ujia na banda la kuchambulia maua. Kina mama wanaingia alfajiri, vidole vinakufa ganzi, mkasi unawakata hawasikii."

Siwema akamtazama mikono. Ilijaa makovu madogo madogo. Akaishusha bei.

Siku tatu Heriel alikusanya vifaa, na siku tatu walikunywa juisi ya miwa kwenye glasi moja. Siku ya kufunga mzigo, Siwema akaingiwa na hofu. Wanaume wa mikoani wakishapanda basi, ndiyo basi. Pale dukani mtu akiazima mashine ya kukatia bomba huacha rehani. Siwema naye akachukua yake: akachomoa valvu moja ya shaba kwenye boksi, akaificha chini ya kaunta. Akiikosa, atarudi.

Heriel alipiga simu siku mbili. "Umekula, malkia?" "Nimekula, ila sijashiba sauti yako." Halafu kimya. Siku nne simu inaita, haipokelewi.

"Si nilijua!" Siwema akajisemea.

Jumamosi, Beno, fundi bomba wa pale dukani, akaiona valvu chini ya kaunta. "Ya nani hii?"

"Ya mtu. Kwani asipokuwa nayo?"

"Presha ikizidi, hii ndiyo inapumua. Wakiliziba tundu lake wakawasha, boila linapasuka kama bomu."

Siwema akashika simu. Ujumbe wa mwisho wa Heriel aliukumbuka neno kwa neno: *Jumamosi saa kumi tunawasha, kina mama wote watakuwepo.* Saa ilikuwa tisa na dakika arobaini. Akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena, na tena.

Akamgeukia mwenye duka. "Mzee Theophil, nimeficha mali ya mteja. Nifukuze baadaye. Sasa hivi niazime simu yako, yangu hapokei."

Mzee akamkazia macho, akampa.

"Haloo?"

"Heriel, ni mimi, usikate! Msiwashe!"

"Siwema." Sauti ilikuwa baridi. "Valvu umeiwekea tiki kwenye orodha, kwenye boksi haimo. Nikajua umenichezea kama mshamba. Fundi ameziba tundu, na meneja yuko hapa."

"Litapasuka! Watoe kina mama kwenye ujia! Ninayo mimi, niliificha."

"Kwa nini?"

"Ili urudi."

Nyuma ya sauti ya Heriel, Siwema alisikia wanawake wanacheka, wanasubiri joto. Kisha Heriel akapiga kelele, "Fundi, acha! Tokeni wote!" Simu ikakatika.

Jumapili nzima hakuna simu. Jumatatu asubuhi sweta lile lile likasimama mbele ya kaunta.

"Shikamoo, mzee," Heriel akamsalimu Theophil.

"Marahaba. Malizaneni, nina wateja."

Siwema akaisukuma valvu mbele, macho chini. "Nisamehe. Sikujua ingeua mtu."

"Nami simu niliacha kupokea kwa kiburi. Tungekufa kwa mambo ya kununiana." Akaitia valvu mfukoni, akavua sweta, akaliweka juu ya kaunta.

"La nini?"

"Rehani. Jumamosi ijayo tunawasha. Ulilete Siha mwenyewe, mama yangu akuone."

"Na nisipokuja?"

"Nitakufa na baridi, na dhambi ni yako."

Siwema akalivaa pale pale, juu ya dera, jua la Gerezani likiwaka.

"Utaloa jasho, wewe!" akasema Beno.

"Niache nizoee," akajibu Siwema, akavuta mikono ya sweta hadi kwenye vidole.